Hiari ya Mzazi

Siku ya Kuhesabiwa, Corliss Pettway huwa hapati hata nafasi ya kwenda msalani. Ni Jumatano ya kwanza ya Oktoba, siku ambayo shule zote za Michigan huhesabu watoto walioketi madarasani, na sehemu kubwa ya fedha za mwaka mzima hufuata hesabu hiyo. Mtoto asiyekuja siku hiyo ni kama hakuzaliwa. Kwa hiyo Shule ya Msingi ya Lacey, ambayo siku nyingine zote huwapa watoto mkate wa baridi na tofaa lililonywea, siku hiyo hununua piza, hukodi jumba la kupulizwa hewa la watoto kurukia, na kumkalisha Corliss kwenye simu kuanzia saa moja asubuhi mpaka sikio limwake moto.

Alikuwa karani wa ofisi ya mbele kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mama wa mitaa ile asiyemjua. Alijua yupi wa kubembelezwa na yupi wa kutishiwa kidogo. Mama mmoja alipomwambia kwamba mwanawe hana viatu, Corliss alimjibu amlete na ndara, akifika ofisini atatafutiwa. Mwingine alisema mtoto ana homa. Corliss akamuuliza kama ni homa ya kulala au homa ya kukaa, maana homa ya kukaa inaweza kukaa darasani. Watu walimcheka na kumwogopa kwa wakati mmoja, naye alipenda hivyo.

Lakini mwaka huu maneno hayakumtoka kama kawaida. Binti yake mwenyewe, Nyla, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa akihesabiwa ng'ambo ya barabara.

Huko ng'ambo, katika jengo lililokuwa duka la fanicha, palikuwa na Akademia ya Thornbury. Ilikuwa shule ya mkataba: inalipwa kwa kodi zile zile zinazoilipa Lacey, haitozi ada, lakini inaendeshwa na watu wake wenyewe kwa masharti yao wenyewe. Lacey ilimpokea kila aliyebisha hodi, hata Februari, hata bila karatasi yoyote, hata yule aliyekuja na paka ndani ya begi. Thornbury ilikuwa na viti vyake, na vikijaa vimejaa.

Mkuu wa Lacey, Ozell Trimble, alipita ofisini kabla ya saa sita na karatasi mkononi, akauliza wamefika wangapi. Corliss akamwambia mia mbili themanini na tisa. Trimble alijipigapiga kidevu. Walihitaji mia tatu ili wasipoteze mwalimu mmoja wa darasa la tatu.

"Ungekuwa na mtoto wa ziada mahali fulani, Bi Corliss," alisema, "ungemleta tu."

Alisema akicheka, na alikuwa mtu mwema, lakini lile neno lilimwingia Corliss kama mwiba wa samaki. Alinyanyua simu akampigia mama wa ndara.

Asichomwambia Trimble ni kwamba Nyla alikuwa na homa kweli asubuhi ile. Thornbury walikuwa wamepiga simu jioni ya Jumanne, sauti tamu kabisa, wakamwomba asikose kumleta, hata kwa saa moja. Corliss akampa mtoto dawa, akamfunga skafu, akampeleka. Wala hakuona ajabu. Yeye mwenyewe alikuwa amewaomba akina mama vivyo hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Sasa mtu asidhani Corliss alivuka barabara kwa kupenda makuu. Mwaka uliotangulia, katika darasa la pili, Nyla alikuwa amefundishwa na walimu watano, wote wa muda, na mmoja wao alitumia saa za masomo kuuza bima ya magari kwa simu. Watoto walikuwa thelathini na sita. Kufikia Pasaka, Nyla alikuwa hawezi kusoma jina la mtaa wake mwenyewe kwenye kibao cha kona, na kila usiku Corliss alipojaribu kumfundisha, wote wawili waliishia kulia. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga orodha za madarasa pale Lacey. Alijua mwaka unaofuata ungekuwaje, kwa sababu alikuwa ameshauchapa.

Kwa hiyo mwezi wa nne akaenda kwenye bahati nasibu ya Thornbury. Ilifanyika katika ukumbi wao wa michezo: tufe la waya lenye vipira vya namba, familia mia moja na sitini, viti ishirini na viwili. Corliss alikwenda na kilemba na miwani ya jua ili asijulikane. Alipoingia akakuta nusu ya ukumbi ni wazazi wa Lacey, na kila mmoja anatazama dari kana kwamba hamjui mwenzake. Namba yao ilikuwa sabini na moja. Ilipotoka, kipira cha kumi na tisa, Corliss alipiga ukelele ambao ulimaliza kazi ya kilemba na miwani. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa akilia kimya kimya na kikaratasi chake mkononi. Corliss hakugeuka. Siku ile alikuwa na furaha, na furaha haina nafasi ya watu wawili.

Alitia saini mkataba wa kurasa arobaini. Siku ya shule ndefu, mpaka saa kumi na nusu. Sare ya kijivu. Watoto kutembea juu ya mstari uliobandikwa sakafuni, mikono nyuma, bila neno, hali ambayo wenyewe waliiita sauti sifuri. Kwenye kila dawati kadi ya rangi: kijani ukiwa mwema, njano ukionywa, nyekundu ukishindikana. Corliss aliona ni sawa. Lacey kulikuwa na kelele za kutosha kuwafikia malaika.

Na lazima isemwe, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo iliyomuumiza zaidi baadaye: Thornbury walimfundisha Nyla kusoma. Wiki ya nne, asubuhi, Corliss akikaanga mayai, alisikia sauti nyuma yake ikisoma maneno ya kwenye boksi la nafaka, moja baada ya jingine, polepole, yote. Mayai yaliungua. Corliss alikaa kwenye kiti na mwiko mkononi akamwambia aendelee, na Nyla akasoma mpaka anwani ya kiwanda.

Alisoma akiimba. Ndiyo tabia yake. Kinywa kimefumbwa kati ya neno na neno, anatoa wimbo mdogo wa puani usio na mwanzo wala mwisho, kama bibi yake anavyofanya kanisani akisubiri kwaya iinuke. Mwalimu wake wa kusoma, binti mdogo wa miaka ishirini na minne aitwaye Delphine Sartor, alikuwa wa kwanza kugundua kwamba mtoto akinyamazishwa anapotea kwenye mstari, na akiachwa aimbe anafika. Alimwambia Corliss mlangoni, akiwa amejaa furaha, kwamba amwache tu aimbe.

Shida ni kwamba Mwalimu Sartor alikuwa na Nyla saa moja kwa siku. Saa nyingine saba zilikuwa za sauti sifuri. Kadi ya kijani iligeuka njano kabla ya chakula cha mchana, na nyekundu baada yake. Septemba peke yake Corliss aliitwa mara saba kumchukua mtoto katikati ya kazi. Kila mara waliambatanisha maneno yale yale, kwamba hawajamsimamisha masomo, la hasha, wanamwomba tu mzazi aje. Yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo alivuka. Hakuna kilichoandikwa popote.

Ijumaa, siku mbili baada ya kuhesabiwa, waliita tena. Safari hii hawakusema amchukue. Walisema aje waketi wazungumze.

Chumba kilikuwa kizuri, kina zulia na maua. Aliyempokea alikuwa Meredith Kessling, ambaye cheo chake kilikuwa Mkuu wa Utamaduni wa Shule. Mara ya kwanza Corliss alipokisikia alidhani mama yule anafundisha ngoma. Mwalimu Sartor naye alikuwapo, mwisho wa meza. Bi Kessling alisukuma sanduku la karatasi laini za kufutia machozi upande wa Corliss kabla ya kusema lolote, na hapo Corliss akajua.

"Nyla ni mtoto wa pekee," Bi Kessling alisema. "Sote hapa tunampenda. Ila tunajiuliza kama hapa ni mahali panapomfaa."

Corliss alikuwa ameyasikia maneno yale. Hakuyasikia pale, aliyasikia kwake, kwenye dawati lake, kutoka kwa wazazi waliosimama mbele yake kila Oktoba na watoto wao wamevaa sare ya kijivu. Walisema tuliambiwa hapamfai. Walisema tuliambiwa tunapendwa.

Bi Kessling akaendelea kueleza, kwa upole usiochoka. Mzazi akitia saini leo, faili la mtoto linabaki safi. Asipotia, basi kadi nyekundu inayofuata itakuwa kusimamishwa masomo, na hilo litaandikwa, na litamfuata mtoto mpaka sekondari. Hakuna anayemlazimisha mtu. Kwa wakati huu, ingekuwa vyema Nyla apumzike nyumbani mpaka uamuzi utakapofikiwa.

Corliss alimgeukia Mwalimu Sartor akamuuliza kama Nyla anajua kusoma. Yule binti alisema ndiyo, anasoma, anasoma vizuri sana. Akataka kuongeza neno. Bi Kessling akamtazama, naye akateremsha macho mezani na hakuyainua tena. Corliss hakumchukia. Alimwona ni mtoto tu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, na huko hakukuwa na chama cha walimu cha kumkinga. Lakini hakumsamehe pia.

Kalamu ilikuwa imeshawekwa juu ya karatasi. Corliss, mwanamke aliyewahi kumtoa ofisini dume la futi sita kwa maneno matupu, alijikuta ameishika. Alikuwa amechoka. Alifikiria faili safi. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba pamoja na kalamu yao, akasema ataisoma nyumbani.

Ndani ya gari, kwenye maegesho ya Lacey, Nyla aliomba peremende. Corliss akamwambia achukue kwenye mkoba. Mtoto akachomoa ile karatasi. Tangu ajue kusoma alikuwa akisoma kila kitu, risiti, vibao vya barabarani, maonyo ya sabuni. Akaifungua juu ya mapaja, akaanza, na ule wimbo wake wa puani katikati ya maneno.

"Mwanafunzi... anaondoka... kwa hiari... ya mzazi." Akainua kichwa. "Mama, mzazi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayeniondoa?"

Corliss alisema hajatia saini. Nyla akaitazama karatasi tena, akaweka kidole chini.

"Lakini wamekuwekea alama hapa. Pa kutia saini."

Corliss aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda shingoni. Mtoto hakuwa amekasirika. Alitaka tu kujua nani amefanya nini, na maneno yaliyokuwa mapajani mwake yalikuwa yanamdanganya, katika wiki zake za kwanza za kujua kusoma. Corliss akamwambia arudishe ile karatasi mkobani na amtolee mama naye peremende. Walikaa hapo wakimumunya mpaka vioo vikaingia ukungu.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akamwacha Nyla kwa bibi yake, akaendesha gari saa moja na nusu mpaka chuo kikuu kilichowapa Thornbury kibali. Mambo ya shule za mkataba ndivyo yalivyo: Lacey ina bodi ya wilaya, unaweza kwenda kwenye mkutano wao ukapiga kelele, hata ukawapigia kura ya kuwaondoa. Thornbury ina mtoa kibali, na mtoa kibali yuko mbali, ghorofa ya tatu, na mlango wake una kengele.

Aliyemfungulia alikuwa Bwana Lindqvist, mzee mwenye sweta na chupa ya supu. Corliss alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ule upole wa mzee ulimharibia mpango. Alimsikiliza mpaka mwisho. Aliandika. Alisoma ile karatasi mara mbili, akasema kama ni kweli, basi ni kosa: hawaruhusiwi kumwondoa mtoto bila kikao, na kumwita mzazi kumchukua mtoto mara saba bila kuandika ni kumsimamisha kwa mlango wa nyuma.

"Tatizo," alisema, "mtoto mmoja ni neno lako na lao. Ningeweza kuonyesha kwamba ni mazoea yao, ningewasimamisha mbele ya baraza letu mwezi wa Novemba, na binti yako angebaki kwenye kiti chake mpaka hapo."

Corliss akamwambia ni mazoea. Akamwambia yeye anafanya kazi Lacey, na kila mwaka, wiki mbili baada ya kuhesabiwa, wanarudi; fedha zao zinabaki ng'ambo, wao wanarudi. Lindqvist akasogeza kiti kwenye kompyuta yake, akatafuta kwa kidole kimoja kimoja. Ndiyo, akasema. Katika miaka sita, watoto arobaini na mmoja wametoka Thornbury kwenda Lacey kati ya Oktoba na Krismasi. Moyo wa Corliss uliruka. Kumbe ilikuwa imeandikwa wakati wote.

Lindqvist akaendelea kusoma, na uso wake ukabadilika. Akaeleza kwamba sababu zinazoandikwa na shule inayomtoa mtoto yeye hazihesabu, maana kila shule itajipendelea. Huangalia ile inayoandikwa na shule inayompokea, kwa kuwa haina haja ya kusema uongo. Akaigeuza kompyuta Corliss aone.

Hiari ya mzazi. Hiari ya mzazi. Hiari ya mzazi. Mistari arobaini na mmoja, na mwisho wa kila mstari herufi mbili za aliyejaza.

"Huyu C.P. unamfahamu?" Lindqvist aliuliza. "Nimewahi kufikiria kumpigia."

"Namfahamu," Corliss alisema.

Alikumbuka vizuri kabisa jinsi alivyokuwa akifanya. Fomu ya kumpokea mtoto, kwenye kompyuta, ina pengo la sababu, na chini yake orodha ya kuchagua. Ukichagua kwamba ameondolewa, zinafunguka kurasa mbili nyingine, zinataka ushahidi, tarehe, saini ya mkuu wa shule, na simu ya kuhakikisha. Ukichagua hiari ya mzazi, hakifunguki kitu. Unabonyeza, unaita anayefuata. Na foleni ilikuwa inafika mpaka uani. Hayo angeweza kumweleza mzee, na ni kweli. Ila chini yake kulikuwa na jingine, na hilo hakumweleza mtu yeyote isipokuwa nafsi yake, akiwa barabarani kurudi. Aliwadharau. Aliwaona ni watu waliotukimbia, wakaenda kutafuta vya kung'aa, vikawachoma, na sasa wamerudi wanataka kuonewa huruma. Walipokuwa wakieleza yaliyowapata, yeye alikuwa akichapa. Hata alikuwa na msemo wake wa kuwaaga, akiwarudishia karatasi zao: karibuni tena nyumbani, hapa hatuna zulia.

Lindqvist alimpa muda. Apate wazazi kumi, kati ya wale arobaini na mmoja, watakaosema kwa maandishi na saini zao kwamba haikuwa hiari. Kabla ya mwisho wa wiki.

Jumanne alikwenda kazini na Nyla, maana Thornbury walikuwa wameshasema apumzike nyumbani, na bibi yake siku hiyo alikuwa na zamu hospitali. Akamkalisha kwenye benchi la ofisini, lile la watoto wanaosubiri kuadhibiwa. Trimble alipoingia alimwona mtoto, akamwona mama, akaelewa. Corliss alitamani amseme. Angemwambia neno moja kali, angepata pa kujitetea. Badala yake Trimble alichuchumaa mbele ya Nyla akampa mkono kama mtu mzima, akamwambia darasa la tatu la Bi Oglesby lina kiti.

Lilikuwa limebaki darasa moja tu la tatu. Siku ya Kuhesabiwa walikuwa wameishia mia mbili tisini na nne, na mwalimu wa pili alikuwa ameshaambiwa afungashe. Nyla angekuwa mtoto wa thelathini na tisa mbele ya Bi Oglesby, na hapo hakuna aliyejua kwamba mtoto huyu lazima aimbe ndipo asome. Na hata wangejua, ni nani angemsikia. Trimble akamwambia Corliss ajaze fomu, watoto hawapaswi kukaa kwenye benchi lile. Corliss akasema bado. Trimble akamtazama kidogo, akaenda zake.

Corliss akafungua kabati la mafaili. Alizitoa nakala za zile fomu arobaini na moja akazipanga juu ya dawati, na ya kwanza aliyoiweka juu haikuwa ya kwanza kwa tarehe. Ilikuwa ya Demario Boykin. Demario alikuwa darasa la sita sasa, jitu la mtoto, alipita mbele ya ofisi kila asubuhi na kofia ya jaketi usoni. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameingia hapa na sare ya kijivu, akiwa ameshikwa mkono na mama yake, Renita, msusi wa pale mtaa wa Linwood. Renita alisimama mbele ya dawati hili muda mrefu kuliko wengine wote. Hilo Corliss alilikumbuka kwa sababu foleni ilinung'unika.

Akapiga simu. Renita alijibu kwa mlio wa mara ya pili, na nyuma yake vikasikika vikaushio vya nywele.

"Demario amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Ni Corliss, wa ofisini. Nina swali langu mimi." Alikuwa amelifanyia mazoezi kwenye gari, na sasa likamtoka vipande vipande. "Siku ile ulipomrudisha kutoka Thornbury. Uliniambia nini?"

Vikaushio viliendelea kuvuma.

"Unaniuliza mimi?" Renita alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika, Bi Corliss."

Corliss akaitazama fomu. Akatafuta kichwani. Alilipata koti la Renita, la kijani, limelowa mabegani. Alizipata kamasi za Demario. Neno hata moja hakulipata.

"Sikumbuki," alisema. "Sikuwa nakusikiliza."

Alitegemea simu ikatwe, na ingekatwa asingelalamika. Kwenye benchi, Nyla alikuwa amegundua tangazo la chanjo ukutani na alikuwa analisoma, mstari kwa mstari, na wimbo wake katikati. Ofisi ilikuwa ndogo.

"Nani huyo anaimba?" Renita aliuliza.

"Mwanangu. Wamemrudisha."

Renita hakucheka. Corliss alikuwa amejiandaa kwa kicheko pia. Kilichokuja ni pumzi ndefu, halafu sauti ya mtu anayemwambia mteja samahani kidogo, halafu mlango ukafungwa na vikaushio vikapotea. Corliss akasema, kama ana kazi, anaweza kumpigia tena saa kumi.

"Hapana," Renita alisema. "Saa kumi utakuwa na foleni. Una kalamu?"

Alikuwa nayo ile ya Thornbury. Akaifungua. Renita akaanza tangu mwanzo, tangu kipira cha bahati nasibu, bila haraka, akisubiri kila sentensi iishe kuandikwa, na Corliss akaandika yote, mpaka alipofika mwisho, pale Renita alipovuka barabara na kuingia ofisi ya Lacey, na jinsi karani aliyekuwa pale alivyofanya. Hapo mkono ukasita.

"Na hilo pia," Renita alisema. "Andika."

Akaandika.